Mwaka Niliomwonea Rukia Wivu

Tulimzika Sista Peris Jumamosi moja yenye upepo, kwao Karungu, na kabla hata jeneza halijatolewa ndani ya nyumba nilikuwa nimeanza kutafuta kwa macho kama Rukia amekuja. Sijui nilitaka aje au asije. Nina miaka hamsini na kitu, nina wajukuu wawili, nimesimama kuzungumza mbele ya watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na bado, nikiwa nimeketi chini ya turubai na karatasi ya ratiba mapajani, nilipitisha kidole kwenye mistari kuona nani amewekwa kusema kwanza. Jina langu lilikuwa la nne. La Rukia halikuwepo. Nikasikia raha ndogo, ya aibu, ambayo sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na nikaitambua papo hapo, kama mtu anavyotambua harufu ya nyumba aliyowahi kuishi. Kisha mwanamke aliyejitanda mtandio wa kijivu akapita katikati ya viti akiwasalimu wazee kwa Kidholuo kilichonyooka, akawaambia neno moja ambalo sikulisikia, na wazee wale wakacheka. Matangani, wakacheka. Nikajua ni yeye.

Sista Peris hakuwa mtawa. Kwetu huku muuguzi wa kike tunamwita sista, na jina hilo humfuata hata akistaafu. Mwaka ninaoukumbuka, katikati ya miaka ya tisini, alikuwa ndio kwanza amestaafu, anaishi Migori katika nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, nami nilikuwa nimepanga kwake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kupiga taipu. Miaka yake ya mwisho wodini, Sista alikuwa amewaona wanawake wengi wakiletwa na titi ambalo tayari lilikuwa limepasuka, na kila mmoja alimwambia lile lile: kwamba lilianza kama kitu kidogo kisichouma, naye akanyamaza. Siku hizo hakuna aliyekuwa na masikio ya kusikia habari za saratani. Mtu akikonda, ni ukimwi. Ikisemekana si ukimwi, basi ni chira, ile laana ya aliyevunja mwiko, na mwenye chira hutazamwa kama aliyejitakia. Kati ya aibu hizo mbili mwanamke mwenye uvimbe hakuwa na mahali pa kupita. Sista akaamua patengenezwe mahali. Akaenda kwa akina mama wa kanisa letu pale Migori, akaenda kwa chama cha wanawake wa Kiislamu cha Homa Bay, wengi wao wake na mabinti wa wafanyabiashara wenye maduka mjini, kisha akaandika barua kwa shirika moja la msaada la Nairobi lililokuwa na gari jeupe na vikaratasi vya picha. Akawaomba watatu hao wafanye kazi moja.

Nikisema walifanya kazi pamoja, msomaji asidhani walipendana. Nilikuwa karani wa kamati yao na niliandika kila kitu. Kikao kizima kiliwahi kupotea katika kubishana jina la nani litangulie kwenye bango. Akina mama wa kanisa walisema wao ndio wenyeji. Wanawake wa Homa Bay walisema kitambaa cha bango kimetoka dukani kwao. Bwana aliyetumwa na shirika la Nairobi akasema kwa upole kwamba rangi na mwandishi wa bango amelipa yeye. Mwishowe majina yakaandikwa kwa duara, kama kwenye muhuri, isijulikane lipi ni la kwanza, na bango likawa halisomeki mpaka mtu ageuze shingo. Mkutano ulifunguliwa kwa sala ya kanisa na kufungwa kwa dua, na wiki iliyofuata kinyume chake, na nilikuwa na safu maalumu daftarini ya kukumbuka zamu. Nilikuwa nikicheka peke yangu nikiandika. Niliwaona wakubwa wale kama watoto. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kuwapita wote.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, karibu na kinu cha kusaga, hivi kwamba kuanzia saa tatu asubuhi ilibidi tuongee kwa kupaza sauti, na unga mwembamba ulitua juu ya taipureta yangu. Ubao mwembamba ulikigawa chumba sehemu mbili. Mbele kulikuwa na meza yangu na benchi la wageni. Nyuma kulikuwa na kitanda cha kupimia, pazia, jiko la makaa na kigoda. Huko nyuma ndiko tulikopika na kula. Sista alikuwa mpishi wa subira, wa mboga za apoth na osuga zilizolala kwenye maziwa, na miezi ya mwanzo tulikula sisi wawili tu, sahani moja, vidole vyetu vikikutana katikati ya ugali. Aliniita nyathina, mwanangu. Mchana mmoja alinishonea kifungo cha blauzi nikiwa nimeivaa, akakata uzi kwa meno karibu na shingo yangu, nami nikabaki nimetulia kama paka. Sitaeleza kwa nini nilihitaji kupendwa namna hiyo. Nilihitaji, naye alikuwa ananipenda, na nilidhani upendo ule una nafasi ya mtu mmoja.

Rukia alikuja na chama cha Homa Bay. Alikuwa rika langu, mtoto wa familia ya wauza vitambaa waliotoka pwani zamani, amezaliwa kwenye mji ule ule wa ziwa, na lugha zote mbili zilikuwa mdomoni mwake kama mate. Mimi wa Kendu Bay, Mjaluo kwa baba na kwa mama, Kidholuo changu cha hadharani kilikuwa kigumu kama nguo iliyowekwa wanga, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Kamati ilikuwa imenipa mimi kazi ya kusema mikutanoni, kwa kuwa ndimi niliyetafsiri vikaratasi. Mkutano wa kwanza, sokoni Awendo, nilisimama nikasema kwamba saratani ni ugonjwa wa seli. Mama mmoja muuza miwa akauliza, "Seli gani? Za polisi wa Migori ama wa Homa Bay?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Niliendelea kusoma karatasi yangu hadi mwisho, na wakati wa maswali hakuna aliyeuliza lolote isipokuwa kama kutakuwa na soda.

Mkutano wa pili ulikuwa Karungu, kwenye uwanja wa kuanikia omena, dagaa wetu wa ziwani, na Rukia ndiye aliyepewa zamu. Hakushika karatasi. Aliinama akachota omena kiganjani, akawauliza wanawake, "Nani hapa anaweza kuchambua mchanga huu akiwa amefumba macho?" Wakapiga kelele, kila mtu anaweza, hata nyanya. "Nilijua," akasema. "Vidole vyenu vinatambua changarawe wakati mdomo unasengenya jirani. Sasa kila mwezi, damu ikikatika, vipeni vidole hivyo kazi nyingine. Jitafuteni wenyewe hivyo hivyo. Na ukikuta changarawe, usiitupe na usiifiche. Niletee mimi." Kisha akajionyesha juu ya nguo, bila haya, mkono mmoja kichwani, vidole vitatu vikizunguka, na wanawake mia wakainua mikono yao vichwani pamoja naye. Nilikuwa nimekaa nyuma na daftari. Nilimtazama Sista. Alikuwa ameziba mdomo kwa leso na macho yake yanang'aa. Hakuwahi kunitazama hivyo.

Kuanzia hapo Rukia alikuja Migori kila wiki, kisha akawa anakaa wiki nzima, analala chumba cha tatu pale nyumbani. Sista alienda sokoni akarudi na sufuria mpya, ya Rukia, isiyowahi kupikiwa nyama ambayo hakujua imechinjwa na nani. Haikuwa imeombwa. Rukia mwenyewe alicheka akasema samaki hachinjwi, Sista, angetosheka na ile ya zamani. Lakini Sista aliisugua kwa mchanga, akaitundika kwenye msumari wake peke yake, na kila nilipoingia jikoni niliiona inang'aa pale. Niliionea wivu sufuria. Ninaandika hivi nikijua inachekesha. Wakati ule haikunichekesha. Nilianza kuhesabu nani anaitwa nyathina mara ngapi. Nilianza kuchelewa kurudi ili nione kama nitangojwa, na siku moja sikungojwa; niliwakuta wamemaliza kula, wanacheka kwa sababu ambayo haikuweza kuelezwa tena, na sahani yangu imefunikwa vizuri pembeni. Ilikuwa imejaa. Mnofu wa samaki ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Nikasema sina njaa.

Na kibaya zaidi ni kwamba Rukia alinipenda. Alinifundisha kusema "titi" mbele ya watu bila kupunguza sauti. Alisahihisha Kiswahili changu bila kunidharau. Nusu ya maneno ninayoandikia sasa niliyachukua kwake. Akifungua mfuko wake wa kaimati alizopewa na mama yake, alinigawia kwanza. Nilizila zote na nikaendelea kumchukia.

Siku moja, kupitia ule ubao, nilimsikia Sista akizungumza na bwana wa Nairobi. Bwana alikuwa anauliza habari za vijana wa ofisi. Sista akamsifu Rukia kwa muda mrefu, jinsi wanawake wanavyomfuata, jinsi anavyojua kunyamaza mgonjwa akilia. "Na huyu mwingine? Goreti?" bwana akauliza. Kinu kilikuwa kimenyamaza kidogo, watu wanabadilisha gunia, ndiyo maana nilisikia vizuri. Sista akafikiri. "Goreti ana mwandiko mzuri sana," akasema. Hakukuwa na ubaya ndani ya sauti yake. Alikuwa anatafuta kitu kizuri cha kusema, akakipata hicho.

Wiki ile ile Sista alinipa barua nipige taipu. Shirika la Nairobi lilitaka mtu mmoja kutoka sehemu zetu aende akafundishwe miezi mitatu, arudi awe mwelimishaji wa wilaya zote mbili, na kamati ilikuwa imekubaliana, kwa mara ya kwanza bila ugomvi, kumpeleka Rukia. Ilikuwa siku ya soko. Sista alikuwa ameenda Homa Bay. Rukia alikuwa amewapima wanawake tangu asubuhi, na mchana wa saa nane alikaa nyuma ya ubao ale chakula chake. Mimi nilikuwa mbele, nimefika mstari wa "ana moyo wa kuwahudumia watu," wakati mwanamke alipobisha hodi.

Alikuwa wa miaka thelathini hivi. Aliketi ukingoni mwa benchi, mkono wa kushoto ameubana ubavuni kama mtu aliyeficha yai kwapani. Nilimpa maji, akayanywa yote kwa mara moja, akashukuru. Tuliongea Kidholuo.

"Namtafuta yule msichana," akasema. "Yule wa omena."

"Mimi pia ni wa ofisi hii, mama. Kazi yetu ni moja. Unaweza kuniambia mimi."

Akanitazama, akatazama taipureta, akatazama mlango. "Hapana, nyathina. Nitamngoja yule."

"Hata mimi najua kupima."

"Najua unajua. Lakini namtaka yule."

Nyuma ya ubao nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini. Ilikuwa hatua nne kutoka kwenye benchi lile hadi kwa Rukia. Mbele yangu karatasi ilikuwa imening'inia na jina lake. Nikasema, "Amerudi kwao Homa Bay."

"Atakuja lini?"

"Labda baada ya wiki mbili. Labda mwezi. Hajasema."

"Mwezi," akarudia taratibu, kama anayejipima kama ataweza kubeba mzigo fulani. "Mimi ni Mama Akoth, wa Karungu. Mwambie nilikuja." Akasimama, akaweka gilasi mezani kwa uangalifu, akaenda. Niliimaliza ile barua. Nilikosea herufi za jina la Rukia mara tatu. Baadaye Rukia alitoka nyuma akijipangusa mikono, akasimama mlangoni kutazama watu wa soko. Hakuuliza ni nani aliyekuja, nami nikashukuru moyoni kwamba hakuuliza. Nilijiambia kwamba nitamwambia kesho, kwamba nitamtumia mama yule ujumbe kupitia wanawake wa omena, kwamba hata yeye akirudi baada ya wiki mbili haitakuwa neno. Nilijiambia mengi. Juma lililofuata nilikuwa nimeacha kujiambia.

Hakurudi. Miezi mitano ilipita, na barua za Nairobi zikawa bado zinazunguka, mara tarehe inasogezwa, mara gari limeharibika. Kisha akina mama wa kanisa wakamletea Sista habari za mwanamke wa Karungu aliyefungiwa kwenye nyumba ya nyuma kwa sababu ya harufu, na mama mkwe wake anasema ni chira. Tulienda na gari jeupe, Sista, Rukia na mimi. Ndani ya nyumba ile dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia. Sista alilitoa gunia, mwanga ukaingia, nikamwona. Alikuwa amebaki nusu. Chini ya kitanda alikaa mtoto wa kike wa miaka mitatu au minne akitafuna kiganda cha muhogo, na alipotuona hakulia. Rukia alipiga magoti, akayafungua mwenyewe matambara yaliyofunga kidonda, na akamwuliza yule mama kwa sauti ya chini jina lake. "Mama Akoth," mgonjwa akasema. Nilimwona Rukia mgongo wake ukikakamaa. Nilidhani ni kwa sababu ya kidonda.

Hospitalini nilipewa kazi ya kukaa naye, kwa kuwa Rukia alikuwa amesema ana haja ya kurudi Homa Bay haraka. Daktari alituambia ukweli bila kuzunguka, kwamba lililobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilikaa siku tisa kando ya kitanda kile. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikamgeuza, nikafua matambara. Siku ya tatu au ya nne alinitazama kwa muda, akatabasamu.

"Ni wewe ulinipa maji," akasema. "Ile siku ya soko."

"Ndiyo, mama."

"Usidhani nilikudharau. Wewe nilikuwa nimekuona kanisani na wifi yangu, mnaongea. Nikasema huyu akijua, nyumbani watajua. Yule mwingine hana mtu kwetu. Kwake ningeweza kulia." Akapumzika. "Maji yale yalikuwa baridi."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba haikuwa ulimi wa Rukia, wala uzuri wake, wala kitu chochote nilichomwonea wivu. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile ya gunia. Nikamwuliza kama anataka uji. Alifariki kabla ya Krismasi, na walimzika Karungu, mimi nikiwa nimeshika mkoba wa Sista.

Juma moja baada ya mazishi Rukia aliiambia kamati kwamba haendi Nairobi. Alisema shangazi yake wa Mombasa ni mgonjwa, anamhitaji. Tulisikia baadaye kwamba ameolewa huko. Sista alikaa na barua ile mkononi kwa muda, kisha akasema, "Basi ataenda Goreti." Nilifurahi. Lazima niandike hivyo, la sivyo hakuna maana ya kuandika haya yote. Chini ya hofu na aibu kulikuwa na furaha, ngumu na safi, kwamba amekwenda na nafasi ni yangu. Nilienda, nikarudi, na nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote ya utu uzima. Yale mashirika matatu yalikufa moja baada ya jingine, mengine yakaja. Nimewafundisha wanawake kuanzia Kendu Bay mpaka mpakani. Na ninapowafundisha huwa ninainama, ninachota omena kiganjani, ninawauliza nani anaweza kuchambua mchanga huu akiwa amefumba macho.

Ndiyo maana pale mazishini, kijana wa kuongoza ratiba aliponiita, alisema kwenye kipaza sauti, "Sasa tumkaribishe yule tunayemjua sote, Mama Omena!" na watu wakapiga makofi. Nilimtazama Rukia, viti vitatu nyuma. Alikuwa anapiga makofi na wengine. Alitabasamu kidogo, bila ubaya wowote. Sikumbuki nilisema nini kuhusu Sista Peris. Nadhani nilisema machache kuliko walivyotarajia.

Baada ya kaburi kufunikwa tulikutana nyuma ya nyumba, karibu na wapishi, kila mtu na sahani ya wali. Alinikumbatia kwa muda mrefu. "Nyar Kendu," akasema, binti wa Kendu, "umenenepa vizuri." Tulikaa kwenye magogo, tukaulizana habari za watoto, tukamsifu marehemu. Kisha nikasema, "Rukia, kuna jambo la mwaka ule."

"Mama Akoth," akasema.

Niliweka sahani chini.

"Nilikuwa nyuma ya ubao, Goreti. Kinu kilikuwa hakisagi. Niliisikia sauti yake, nikasikia anavyonitaka. Uliposema niko Homa Bay nilikuwa na tonge mkononi. Ningetoka. Ni hatua ngapi pale? Lakini nilikuwa nimewaona wanawake tangu asubuhi, wawili kati yao wana uvimbe, na wote wamelia kifuani kwangu. Nilikuwa nimechoka kutakwa. Nikasema, Goreti ameniokoa, acha nile, huyu atarudi. Nikala." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilikula mpaka nikashiba."

"Na hukuniambia kitu."

"Nilimwambia Sista. Siku ile tuliyomtoa yule mama ndani. Ndiyo sababu sikwenda Nairobi. Ningesimamaje kuwaambia watu waniletee mimi?"

"Ulimwambia nini juu yangu?"

"Wewe? Nilimwambia yangu. Yako ilikuwa yako."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikishika kichwa changu, akakiweka hapa," akagusa tumbo lake, "akakaa nacho mpaka nikamaliza kulia."

Na mimi, mwanamke mzima, kando ya kaburi bichi la Sista Peris, niliona wivu. Sikuona kwanza huruma, wala ahueni. Niliuona mkono ule juu ya kichwa cha Rukia na nikautaka uwe juu ya changu. Ndipo lile jingine likanifikia, polepole, huku wapishi wakigombana juu ya sufuria. Sista hakuwa mjinga. Kama Rukia alikuwa nyuma ya ubao, nani alikuwa mbele? Alijua. Kila Krismasi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nilimpelekea sukari na majani ya chai, nikakaa jikoni kwake, na kila mara alikuwa na namna ya kunyamaza baada ya chakula, mikono mapajani, kama mtu anayempisha mwenzake aseme. Nilidhani ni uzee. Nilikuwa nikitumia kimya kile kuaga.

Rukia alisema, "Yule mtoto yupo. Akoth. Wameniambia anashona nguo hapa hapa sokoni."

"Umekwenda kwake?"

"Sijaweza. Twende wote, kesho. Tushikane mikono tu."

Nikamwambia hapana, nitakwenda mwenyewe. Akadhani ni ushujaa, akanibusu shavuni. Haukuwa ushujaa. Palikuwa na mahali pamoja ambapo Rukia hajanitangulia, na sikutaka afike hapo pamoja nami. Hata toba niliitaka iwe yangu peke yangu.

Nilimkuta Jumapili baada ya ibada, barazani kwake, cherehani yake mbele ya mlango na vitambaa vimekunjwa kwenye rafu. Mwanamke mrefu, wa miaka thelathini kwenda juu, futi ya kupimia shingoni. Alidhani nimekuja kushonewa, akanivutia kiti. Nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Nilieleza kwa mfululizo, bila kumruka mtu na bila kujipamba: barua, benchi, maneno niliyosema, hatua nne. Sikumtaja Rukia kwa jina, nikasema tu kwamba yule aliyetafutwa alikuwepo. Akoth alikuwa anapindia mshono wakati naanza. Katikati aliacha kukanyaga, lakini hakuinua kichwa. Nilipomaliza kulikuwa na kuku anayechakura chini ya rafu, na yeye alimtazama kuku yule kwa muda mrefu sana.

"Kwa hiyo alikwenda kwa miguu yake," akasema.

"Ndiyo. Aliingia mwenyewe, akaketi, akanywa maji."

"Mimi namkumbuka kitandani tu. Hiyo harufu, na gunia dirishani. Hatuna picha. Baba alivichoma vitu vyake vyote, waliogopa." Sauti yake haikuwa na machozi wala hasira niliyokuwa nimejiandaa kuipokea. "Wewe ulimwona akiwa mzima."

"Nilimwona."

Rukia alikuwa amesikia sauti tu. Ni mimi niliyemwona.

"Alikuwa amevaa nini?"

Sikutegemea swali hilo, na ajabu ni kwamba jibu lilikuwepo, lilikuwa limekaa pale miaka yote. Nikamwambia ni gauni la kitambaa chepesi, la buluu iliyopauka, lenye maua madogo ya njano. Mikono ilikuwa imefura begani, mtindo wa siku zile. Ukosi mweupe, mpana. Kifungo cha juu kilikuwa kimepotea, kimewekwa kingine chekundu kisichofanana. Viatu vya plastiki, amevipangusa kabla ya kuingia, kwa maana visigino vilikuwa bado na unyevu.

Akoth alisimama. Nikadhani ataniambia niondoke, na nilikuwa tayari. Hakuwa amesema amenisamehe na mimi sikuwa nimeomba. Alitandaza karatasi ya kukatia juu ya meza, akailaza kwa viganja, akanipa kipande cha chaki.

"Nichoree ukosi," akasema.

Nikainama nikachora. Alisimama karibu yangu, akitazama mkono wangu, na nilipofika kwenye pindo akauliza, "Hapa ulikuwa wa duara, ama wa pembe?" Nikafumba macho nimwone tena vizuri.

"Wa duara," nikasema.